Tchomia: Bafle la zamani si la kutupwa, kinachooza ni kidogo na kinachodumu ni kikubwa

Tchomia (Ituri) – Sanduku la mbao limesimama kwenye kona ya sebule. Kitambaa cha mbele kimetoboka, na juu yake pamewekwa sufuria. Zamani ndilo lililokusanya majirani jioni kwa habari za redio, rumba na nyimbo za korali. Leo likiwashwa linakoroma kama mtu mwenye kikohozi, au linanyamaza kabisa. Wenye nyumba wanalihesabu kuwa limekufa. Watoto wanaitaka sumaku wachezee, mbao zinatazamwa kwa macho ya kuni, na chuma kinangoja mnunuzi wa chuma chakavu.

Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Bafle la namna hiyo linaweza kurudishiwa sauti nyumbani, kwa meza moja, mwanga wa kutosha, kole, na uvumilivu wa siku mbili au tatu. Na katika mji kama Tchomia jambo hili haliwahusu wapenda vitu vya kale peke yao. Linagusa mfuko wa jamaa na umeme mdogo wa nyumbani.

Tchomia ni mji wa wavuvi na wafanyabiashara kwenye Ziwa Albert, katika wilaya ya Djugu, kilomita 60 hivi mashariki ya Bunia. Barabara ya kutoka Bunia inapita Bogoro, inashuka mlima hadi Kasenyi, kisha inafuata pwani. Ng'ambo ya maji ni Uganda. Wakaaji wengi wanapata umeme kwa pano za jua, bateri, au mashine ndogo ya mafuta ambayo watu wanaiita grupu. Ndiyo sababu swali la bafle gani linatoa sauti kubwa kwa umeme kidogo ni swali la kila siku.

Kinachokufa na kisichokufa

Spika ni kitu rahisi kuliko inavyodhaniwa. Nyuma kuna sumaku. Katikati ya sumaku kuna mwanya mwembamba wa duara, na ndani ya mwanya huo inaning'inia bobini, yaani waya mwembamba uliozungushwa kwenye mrija mdogo. Bobini imeshikamana na membrani, ile karatasi ngumu yenye umbo la koni inayoonekana mbele. Umeme wa muziki unapopita ndani ya bobini, sumaku inaisukuma na kuivuta. Membrani inafuata, inasukuma hewa, na mtikisiko wa hewa hiyo ndio sauti. Vitu viwili vinaishika membrani isiyumbe: utando wa nyuma karibu na sumaku, na ukingo laini unaoizunguka mbele.

Mjerumani Werner von Siemens alisajili wazo la bobini inayotembea ndani ya sumaku mwaka 1874. Mwaka 1925 Wamarekani Chester Rice na Edward Kellogg, wa kampuni ya General Electric, walieleza spika ambayo umbo lake ndilo linalofuatwa hadi leo. Miaka mia moja imepita na mambo ya msingi hayajabadilika. Kwa hiyo fundi anayeielewa vizuri spika moja hapotei akikutana na nyingine.

Katika vitu hivyo vyote, vinavyoharibika upesi ni vichache. Ukingo wa sponji unaoza: baada ya miaka 10 hadi 20 unageuka unga unaonata vidoleni, na unyevu na joto la pwani vinauharakisha. Membrani ya karatasi inapasuka au inatafunwa na panya na mende. Kondensateri, ile kopo ndogo inayogawa sauti nyembamba na sauti nzito, inakauka ndani. Waya zinashika kutu kwenye maungio. Gundi ya sanduku inaachia.

Lakini sumaku haichakai kwa kutumiwa. Kikapu cha chuma kinachobeba spika kinadumu kama hakikulala ndani ya maji. Mbao nzuri zinadumu. Maana yake ni kwamba sehemu nzito na ya thamani inabaki nzima wakati ile ya bei ndogo imeoza. Mwenye kulitupa bafle lote kwa sababu ya ukingo ni kama mvuvi anayechoma mtumbwi kwa sababu kasia limevunjika.

Kobalti ya Katanga ndani ya sumaku

Kuna sababu nyingine ya kuyatazama mara mbili mabafle ya zamani, na sababu hiyo inaihusu nchi ya Kongo yenyewe.

Kwa miaka mingi, hasa kati ya 1940 na 1980, spika nyingi nzuri za Ulaya na Marekani zilitengenezwa kwa sumaku ya alniko. Jina hilo linatokana na madini yaliyomo: alumini, nikeli na kobalti, pamoja na chuma. Katika aina iliyotumiwa sana kwa spika, Alnico 5, kobalti ni karibu asilimia 24 ya uzito. Na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilichimbwa Katanga, kwanza na Union Minière du Haut-Katanga, kisha, baada ya 1967, na shirika la serikali lililokuja kuitwa Gécamines.

Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FLNC, waliotoka Angola, waliuteka mji wa Kolwezi. Siku sita baadaye askari wa Ufaransa waliruka kwa parashuti juu ya mji. Vita hivyo viliua watu wengi, na wataalamu wa kigeni wa migodi wakakimbia. Masoko ya dunia yakaogopa kwamba kobalti itakosekana. Bei yake ilipanda zaidi ya mara tatu katika muda wa mwaka mmoja hivi.

Viwanda vya spika havikungoja. Sumaku ya feriti, ambayo kampuni ya Philips ya Uholanzi iliileta sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1950, haina haja ya kobalti na ni ya bei ndogo. Ilikuwa imekwisha kuingia katika spika za bei ya chini. Baada ya Kolwezi, hata makampuni makubwa yaliyokuwa yakishikilia alniko, kama JBL ya Marekani, yalihamia kwenye feriti. Hivyo vita vya wiki chache kusini mwa Kongo vilibadilisha spika za dunia nzima.

Kwa hiyo spika ya alniko iliyotoka kiwandani kabla ya 1978 huenda imebeba ndani yake kipande cha ardhi ya Katanga, kilichokwenda Ulaya kama madini na kurudi Kongo kama redio. Kuitambua si kazi ngumu. Feriti ni pete pana, nyeusi au ya kijivu, inayofanana na jiwe, nyuma ya spika. Alniko mara nyingi ni ndogo, imefichwa ndani ya kikombe cha chuma au imeshikwa na ukanda wa chuma wenye umbo la U.

Hiyo haimaanishi kwamba feriti ni mbaya. Spika ya feriti iliyotengenezwa vizuri inafanya kazi vizuri sana. Linalotakiwa ni kujua unachokishika kabla ya kukiuza kwa kilo. Na zaidi: sumaku ya alniko haibanduliwi kutoka kwenye chuma chake. Ikibanduliwa inapoteza sehemu ya nguvu zake, na hakuna fundi wa kijijini anayeweza kuzirudisha. Mtoto anayeitoa achezee anaiua kweli.

Wati chache, sauti kubwa

Katika soko, bafle jipya linajitangaza kwa wati. Kwenye kasha imeandikwa 500, 1000 au zaidi, na pembeni herufi P.M.P.O. Hesabu hiyo haina kipimo kimoja kinachokubaliwa na wote. Kila kiwanda kinaandika kinavyopenda. Kipimo kinachomfaa mwenye pano ya jua ni kingine: spika inatoa sauti kiasi gani ukiipa wati moja tu, ukiwa mita moja mbele yake. Kipimo hicho kinahesabiwa kwa desibeli.

Spika nyingi za miaka ya 1950 na 1960, zenye membrani pana na nyepesi ya karatasi, zilitengenezwa wakati ampli zilikuwa na wati chache. Zililazimika kuwa na ukali. Si ajabu kukuta spika ya namna hiyo inatoa desibeli 93 au 95 kwa wati moja. Bafle dogo la kisasa lenye membrani nzito mara nyingi linatoa 84 hadi 87.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwenye bateri ni kubwa. Kila desibeli 3 ni sawa na kuongeza umeme mara mbili. Ampli ya kawaida ya bateri ya volti 12, hata ile ya mpango wa daraja, haiwezi kutoa zaidi ya wati 9 hivi safi kwenye spika ya ohm 8. Ile isiyo na daraja haifiki hata wati 3. Ukiipa spika ya desibeli 95 wati hizo 9, spika ya desibeli 86 itataka wati zaidi ya 70 ili isikike sawa nayo. Wati 70 zinataka bateri kubwa na pano kubwa. Wati 9 zinapatikana kwa pano ya kawaida ya nyumbani.

Si kila bafle la zamani lina ukali huo. Yale mabafle madogo yaliyofungwa pande zote, yaliyoenea katika miaka ya 1970, mara nyingi yalipoteza ukali ili yapate sauti nzito ndani ya sanduku dogo. Lakini bafle pana la redio ya mezani, au la turntebo ya zamani, ni rafiki wa bateri.

Na katika sehemu hii ya Ituri sauti inayosikika vizuri ina uzito wake. Mwanzoni mwa 2018 makumi ya maelfu ya watu walivuka Ziwa Albert kwenda Uganda wakikimbia mauaji ya Djugu. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Ebola ilifika Tchomia. Katika siku za namna hiyo, watu wanaokaa uani kuzunguka redio moja, wakitega Radio Okapi au Radio Candip ya Bunia, wanahitaji kusikia kila neno. Spika inayokoroma inaweza kugeuza tangazo la usalama kuwa uvumi.

Kupima ugonjwa kabla ya kutoa dawa

Kazi inaanza kwa kuangalia. Toa kitambaa cha mbele, fungua misumari, chora kwenye karatasi waya ipi inakwenda wapi, kisha toa spika taratibu. Weka bisibisi mbali na sumaku: ikivutwa ghafula inatoboa membrani.

Kipimo cha kwanza ni cha vidole. Weka vidole vya mikono miwili kuzunguka katikati ya membrani, kwa usawa, na uisukume ndani polepole. Ikiteleza kimya na kurudi, bobini ni nzima au karibu nzima. Ikikwaruza, ama bobini imeungua na kuvimba, ama kuna uchafu ndani ya mwanya, ama membrani imekaa upande kwa sababu ukingo umeachia.

Kipimo cha pili kinataka betri ndogo ya tochi, ya volti 1,5. Kwa spika kubwa ya sauti nzito peke yake, gusisha waya mbili kwa nukta moja tu. Spika hai inatoa mlio mfupi na membrani inaruka. Ikiruka kwenda mbele, basi upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika, uandike. Spika ndogo ya sauti nyembamba isipimwe hivyo, maana waya wake ni mwembamba mno.

Kipimo cha tatu ni cha multimetri. Spika iliyoandikwa ohm 8 inaonyesha ohm 6 hivi. Ile ya ohm 4 inaonyesha 3 na kitu. Hiyo ni kawaida. Kama haionyeshi kitu, waya umekatika. Usikate tamaa hapo hapo: mara nyingi kilichokatika ni waya laini wa kusokotwa kati ya msumari wa spika na membrani, na huo unaweza kulehemiwa. Kama umekatika ndani ya bobini yenyewe, kazi inakuwa ya fundi mwenye uzoefu, kwa sababu bobini lazima izungushwe upya.

Tahadhari moja ni ya uhai. Spika yenyewe haina umeme wa hatari, lakini redio ya zamani ya lampe inayo. Ndani yake mna mamia ya volti, na kondensateri zake zinaweza kushika umeme hata baada ya kuzimwa. Asiyejifunza kazi hiyo aifungue spika, asiiguse redio.

Ukingo: hapo ndipo kazi ilipo

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mabafle mengi yanaanza kufa kwa ukingo. Ukingo ukioza, membrani inayumba, bobini inakwaruza kwenye chuma, na baada ya muda inaungua. Jamaa inayoendelea kulipiga bafle lenye ukingo uliochanika inageuza ugonjwa mdogo kuwa mkubwa.

Ukingo wa zamani unatolewa wote. Unga wa sponji unakwanguliwa kwa kisu butu, na mabaki ya gundi yanafutwa kwa alkoli kwenye kitambaa, si kwa kumwaga. Kisha pima mduara wa membrani na mduara wa kikapu, kwa milimita. Kingo mpya za sponji au za mpira zinauzwa kwa vipimo hivyo. Anayetuma mtu Bunia au Kampala amwandikie vipimo vyote viwili, si jina la bafle peke yake.

Asiyeweza kuupata ukingo mpya anashawishika kukata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Mpira huo ni mgumu na mzito kupita kiasi: spika itapiga, lakini sauti nzito itapotea. Afadhali kitambaa chepesi cha pamba, kilichokatwa duara na kukunjwa kidogo ili kitembee, kisha kupakwa safu nyembamba ya gundi inayobaki laini ikikauka. Spika nyingi za kale zilitoka kiwandani na ukingo wa kitambaa, na huo ndio uliodumu kuliko sponji.

Kwenye membrani ya karatasi, kole nyeupe ya maseremala inatosha. Inakauka polepole, na hilo ni jambo jema, kwa sababu inakupa nafasi ya kusahihisha. Gundi kali inayoshika kwa nukta moja haifai: ukikosea umekosea, tena inaigeuza karatasi kuwa ngumu.

Kazi yenyewe ni kuiweka bobini katikati kabisa. Mafundi wanatumia njia mbili. Ya kwanza ni kuondoa ile kofia ndogo ya vumbi katikati ya membrani na kuingiza vipande vya karatasi laini kati ya bobini na chuma, pande nne, mpaka kole ikauke. Ya pili haihitaji kukata kitu: simu yenye programu ya kutoa mlio inaunganishwa na ampli, na mlio mzito wa hezi 30 hivi unapigwa kwa sauti ndogo sana. Membrani inatetemeka, ikikwaruza unaisogeza kidogo, ikinyamaza unaiacha hapo na kubana ukingo. Kisha iache saa 24. Anayeijaribu baada ya saa mbili ataanza kazi upya.

Mpasuko mdogo wa membrani unazibwa kwa karatasi nyembamba, mfano karatasi ya kufutia mikono, na kole iliyochanganywa na maji kidogo, mbele na nyuma. Isiwe nene. Kila gramu inayoongezwa kwenye membrani inapunguza ule ukali ambao ndio mali ya bafle la zamani.

Kondensateri na sanduku

Spika kubwa ikipona na sauti bado ikawa ya kizibo, tazama kondensateri. Kazi yake ni kuzuia sauti nzito zisifike kwenye spika ndogo. Zile zilizotengenezwa kwa maji ya kemikali zinakauka baada ya miaka 20 au 30. Badilisha kwa nyingine yenye mikrofaradi zile zile, na volti zile zile au zaidi. Lazima iwe ya aina isiyo na chanya wala hasi. Ikikosekana, ziko mbinu: kondensateri mbili za kawaida za mikrofaradi 10 zikiunganishwa hasi kwa hasi zinafanya moja ya mikrofaradi 5 isiyo na upande. Zile za plastiki zinadumu zaidi kwa sababu hazina kitu cha kukauka.

Sanduku nalo ni sehemu ya chombo. Hewa ikivuja kwenye maungio, sauti nzito inapungua na mbao zinapiga kelele. Ziba nyufa kwa kole na vumbi la mbao. Kwa sanduku lililofungwa pande zote, sukuma membrani ndani na uiachie: ikirudi polepole, sanduku linashika hewa, ikirudi kwa kasi, kuna tundu mahali. Lakini kama lina tundu la duara lililotengenezwa na kiwanda, usilizibe. Lipo kwa kusudi. Sufi au pamba ya ndani irudishwe kwa kiasi kile kile. Ikiwa ni pamba ya kioo, vaa kinga ya mikono na ufunge mdomo na pua.

Kuboresha bila kuharibu

Kosa linalorudiwa sana ni kutoa spika ya zamani na kutia spika ya gari ndani ya sanduku lile lile. Sanduku na spika vinapimwa pamoja. Neville Thiele wa Australia alilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1961, na Richard Small akaliendeleza katika miaka ya 1970. Spika iliyotengenezwa kwa mlango wa gari ikiwekwa kwenye sanduku la redio inatoa ama ngurumo isiyo na muziki, ama ukavu.

Maboresho yanayolipa ni mengine. La kwanza ni ampli ndogo ya aina ya D. Inageuza karibu asilimia 80 hadi 90 ya umeme wa bateri kuwa nguvu ya kusukuma spika, wakati ampli za mtindo wa zamani zinapoteza karibu nusu kwa joto. Ikiungwa na spika yenye ukali, bateri ya jioni moja inaweza kufika usiku wa pili. La pili ni kuweka ndani ya sanduku kile kipande kidogo cha kupokea muziki wa simu kwa Bluetooth. La tatu ni waya mpya, minene kidogo, na maungio yaliyolehemiwa badala ya kusokotwa.

Mabafle mawili yakiunganishwa, chanya na hasi zifuate mpango mmoja kwa yote. Moja likigeuzwa, sauti nzito zinauana hewani, na mtu atadhani spika ni mbovu. Na spika mbili za ohm 8 zikiwekwa sambamba zinakuwa ohm 4. Ampli isiyoandikiwa ohm 4 itachemka.

Mwisho, bateri ikipungua nguvu, punguza sauti. Ampli inayolazimishwa inakata kilele cha sauti, na sauti hiyo iliyopasuka ndiyo inayounguza spika ndogo. Spika nyingi zinaungua kwa ampli dhaifu iliyofunguliwa mpaka mwisho.

Urithi wa masikio

Wakongo si wageni katika kazi hii. Mjini Kinshasa, Mawangu Mingiedi, aliyeanzisha kundi la Konono N°1 katika miaka ya 1960, alitaka likembe yake isikike katikati ya kelele za mji. Yeye na wenzake walitengeneza mikrofoni kwa sumaku za vyuma vya magari na wakatumia zile spika za pembe zilizobaki tangu wakati wa Wabelgiji, zinazoitwa lance-voix. Sauti yao ya mkwaruzo ilitoka katika albamu Congotronics mwaka 2004 na ikazunguka dunia. Mingiedi alifariki mwaka 2015.

Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu. Rumba hiyo ilienea kupitia sahani za muziki na redio, na watu waliisikia kwa mabafle kama yale yaliyobaki kwenye kona za nyumba. Kulitengeneza moja ni kusikia tena gitaa na sauti za waimbaji kama walivyozisikia wazee.

Ikumbukwe kwamba kazi hii ni shule pia. Kijana anayejifunza kupima ohm, kulehemu na kuweka bobini katikati amepata mwanzo wa ufundi wa redio, simu na pano za jua. Darasa lake la kwanza linaweza kuwa lile sanduku la kwenye kona. Kabla ya kuliuza kwa kilo, ondoa sufuria, sukuma membrani kwa vidole, usikilize. Ikiwa haikwaruzi, bado lina la kusema.